Skripti za ofisi ziwe na dirisha la kuchagua folda

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nieleze jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka linaweza kuonekana dogo mno kwa gazeti, lakini ambalo linawapotezea saa nyingi makarani wa ofisi, walimu wa skuli na waweka hazina wa vikundi vya kuweka na kukopa huku kwetu Pemba, na naamini hata Unguja. Jambo lenyewe ni namna sisi tunaoandika skripti za kompyuta tunavyomtaka mtumiaji aiambie skripti ni folda ipi aifanyie kazi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukutana nayo, skripti ni programu fupi iliyoandikwa kufanya kazi moja inayochosha mikono: kubadilisha majina ya picha mia mbili za kurasa za rejesta zilizopigwa skani, kuyakusanya majedwali ya mahudhurio ya madarasa yote yawe jedwali moja, au kunakili risiti za mwezi mzima kwenda kwenye flashi. Haina menyu wala mapambo. Inaanzishwa, inafanya kazi yake, inakwisha. Nimekuwa nikiziandika kwa lugha ya Python kwa miaka kadhaa, nyingi kwa ofisi ndogo za Wete na Chake Chake ambazo hazina uwezo wa kununua programu kubwa, na kwa muda wote huo nilikuwa na mazoea mabaya ambayo nayaona pia kwa wenzangu wengi. Njia ya folda, yaani yale maandishi yanayoanza na herufi ya diski na kufuatiwa na majina ya folda moja ndani ya nyengine, niliiandika ndani ya skripti yenyewe, kisha nikamwambia karani: ukitaka folda nyengine, fungua skripti, badilisha mstari wa saba, hifadhi, halafu uanzishe tena.

Katika ofisi moja hapa Wete, ambayo sitaitaja kwa sababu kosa lilikuwa langu wala si lake, yupo karani mtu mzima, mama wa makamo anayekaribia kustaafu, ambaye anaijua kazi ya kumbukumbu kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya naye kazi. Majalada ya karatasi anayatoa kabatini bila kutazama orodha. Siku moja alinipigia simu akaniambia: "Mwanangu, hii kompyuta malipo inayakubali, lakini risiti haizitaki. Na barua nazo haizitaki." Nilidhani amekosea herufi. Nilikwenda, nikakaa kwenye kiti chake, nikausoma mstari wa saba herufi kwa herufi: D, nukta mbili, mkwaju wa nyuma (\), kisha neno risiti. Hapakuwa na kosa hata moja. Folda ipo, jina ni lile lile, na skripti inajibu kwamba folda haipo. Nilipoandika malipo mahali pa risiti, kazi ikaenda.

Ilinichukua muda kuuona ukweli, na nilipouona niliona haya. Katika Python, kama ilivyo katika lugha nyingi za kompyuta, mkwaju wa nyuma ukiwekwa ndani ya maandishi na kufuatiwa na baadhi ya herufi huwa ni ishara maalumu, wala hausomwi tena kama mkwaju. Ukifuatiwa na herufi r huwa ni amri ya kurudi mwanzo wa mstari. Ukifuatiwa na n huwa ni mstari mpya, t ni nafasi ya tabo, b ni kurudi nyuma herufi moja, f ni ukurasa mpya, v ni tabo ya wima, na a ni mlio wa kengele. Sasa naomba msomaji azitazame tena herufi hizo kwa jicho la karani wa Kizanzibari: risiti, nyaraka, taarifa, barua, fomu, vyeti, ada. Ni kama mtu amekaa akachagua majina ya folda za ofisi zetu moja baada ya jengine na kuyawekea mtego. Folda ya usajili ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu herufi u baada ya mkwaju hutaka ifuatwe na tarakimu nne za hesabu ya kumi na sita (0 hadi 9 na A hadi F), na isipozipata skripti nzima inakataa kuanza. Folda za malipo na mishahara zinapita kwa bahati tu, kwa vile m haina maana yoyote maalumu. Yule mama alikuwa amesema kweli tupu, na mimi niliyejiita mtaalamu nilitaka kumsahihisha.

Najua wenzangu wa fani wataniambia kwamba tiba ipo siku nyingi: weka herufi r mbele ya alama za kunukuu, au rudufu mikwaju, au tumia mkwaju wa mbele ambao Windows nayo inaukubali. Yote hayo ni kweli, na hata hiyo herufi r nayo ina kasoro yake, kwa kuwa njia ikimalizikia kwa mkwaju mmoja wa nyuma skripti haitaanza. Lakini hoja yangu si hiyo. Kwa nini mtu aliyeajiriwa kutunza kumbukumbu za watu ajifunze kanuni za mikwaju ya Python ili aweze kusema kwamba picha zake zimo katika folda ya risiti?

Mikwaju nayo si mtego pekee. Mwandishi wa skripti akiwa amezoea kufunga maandishi kwa alama moja moja ya kunukuu, folda iitwayo Ng'ambo inamvunjia mstari katikati, kwa sababu ile alama tunayoiandika baada ya ng inasomwa kuwa ndiyo mwisho wa maandishi. Flashi iliyokuwa diski E jana inaweza kuwa F leo, kwa kuwa tu kuna kifaa chengine kilichotangulia kuchomekwa. Njia ya folda iliyo kwenye deskitopu ina ndani yake jina la mtumiaji wa kompyuta ile, kwa hiyo skripti iliyofanya kazi mezani kwa mmoja inakataa mezani kwa jirani yake. Na karani akiihariri skripti kwa Word badala ya Notepad, alama za kunukuu anazoziandika zinapinda na Python haizitambui.

Dawa ya yote haya ni dirisha la kuchagua folda, lile lile ambalo kila mtumiaji wa kompyuta ameshaliona anapohifadhi barua: linafunguka, mtu anabofya folda anayoitaka, anabofya kitufe cha kukubali. Njia ya folda inaingia katika skripti moja kwa moja bila kupitia vidole vya mtu, na kwa kuwa haikuandikwa ndani ya msimbo, yaani maandishi ya skripti yenyewe, hakuna mkwaju wala alama ya Ng'ambo itakayosomwa vibaya. Kwa Python kazi hii haihitaji kununua wala kupakua chochote kwenye kompyuta nyingi za Windows, kwa sababu maktaba ya tkinter, yaani mkusanyiko wa msimbo ulioandikwa tayari, huja pamoja na Python yenyewe. Maktaba hiyo inategemea Tk, zana ya kutengenezea madirisha na vitufe, ambayo John Ousterhout aliianzisha alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambayo sasa imepita umri wa miaka 30. Ni kitu kilichokomaa, hakitabadilika kesho.

Mistari inayohitajika ni mitano. Wa kwanza na wa pili unaita tkinter na sehemu yake ya filedialog. Wa tatu unaunda dirisha kuu. Wa nne unalificha kwa amri ya withdraw, kwani bila ya hivyo kijidirisha kitupu hubaki kwenye skrini na kumbabaisha mtu. Wa tano unaita askdirectory, na jibu lake ndiyo njia ya folda. Basi. Kijana anayeweza kuandika skripti ya kubadilisha majina ya faili anaweza kuongeza mistari hii kabla chai yake haijapoa.

Hata hivyo, Mheshimiwa Mhariri, mistari mitano peke yake haitoshi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu nilipoiongeza kwa mara ya kwanza nilimsababishia yule mama hasara nyengine. Alilifungua dirisha, simu ya mezani ikalia, akabofya kitufe cha kughairi ili aje aanze upya baadaye. Kwa mtu yeyote, kughairi maana yake ni kwamba kazi isifanyike. Lakini askdirectory mtu akighairi hurudisha maandishi matupu, na maktaba niliyokuwa nikiitumia kushughulikia folda, inayoitwa pathlib, ikipewa njia tupu huichukulia kuwa ni folda ile ile ambamo skripti inaanzia. Skripti yangu ilikuwa deskitopu. Aliporudi kutoka kwenye simu alikuta kila faili iliyokuwa deskitopu, zikiwemo barua alizokuwa akizichapa na picha za harusi ya mwanawe, imepewa jina jipya la tarehe na namba ya ukurasa. Tulizirudisha zote kwa sababu skripti ilikuwa inaandika orodha ya majina ya zamani na mapya, tabia ambayo namsihi kila mwandishi wa skripti aishike. Lakini ile nusu saa aliyokaa kimya akitazama deskitopu yake siisahau. Mstari mmoja wa kukagua kama njia ni tupu, na kama ni tupu basi skripti isimame pale pale na kusema kwamba hakuna kilichofanyika, ungetosha kumwepusha na hilo.

Safari nyengine alinipigia akiwa na wasiwasi kwamba picha zote za rejesta zimefutika. Nilimwuliza amejuaje, akasema amelifungua dirisha, ameingia ndani ya folda, na hamna kitu. Picha zilikuwa salama kabisa. Dirisha la kuchagua folda kwenye Windows huonyesha folda tu, halionyeshi faili zilizomo ndani yake, na kwa hiyo folda yenye picha mia tatu inaonekana tupu. Sisi tunaoandika skripti tumelizoea hilo hata hatulioni tena. Kwa mtu ambaye kazi yake yote ni kuhakikisha kwamba kumbukumbu hazipotei, folda tupu ni mshituko wa moyo. Tangu siku ile kichwa cha dirisha katika skripti zangu kinasomeka: "Chagua folda yenye picha za rejesta. Picha hazitaonekana hapa, usiwe na wasiwasi." Maandishi ya vitufe huja kwa lugha ya mfumo wa kompyuta, na kwenye ofisi nyingi ni Kiingereza, lakini kichwa cha dirisha anakiandika mwenye skripti mwenyewe, na hakuna sababu yoyote ya kukiandika kwa lugha isiyokuwa ya mtu atakayekisoma. Kisiwe neno moja la jumla kama "Folda". Kiseme folda ya nini, kwa sababu skripti nyengine zinataka folda mbili, ya kusoma na ya kuhifadhi, na madirisha mawili yanayofanana yakifuatana bila maelezo ni rahisi sana mtu kuyapishanisha.

Baada ya folda kuchaguliwa, skripti isikimbilie kazi. Ihesabu kwanza faili inazozikusudia, kisha ifungue kijidirisha kidogo kinachosema, kwa mfano, kwamba imepata picha 214 katika folda ya risiti za mwezi wa Machi, na iulize kama iendelee. Kuuliza si ujinga, na kwa kompyuta ndiyo heshima. Karani anayejua kwamba mwezi ule ulikuwa na kurasa mia mbili na kumi na nne atabofya ndiyo kwa moyo mkunjufu, na akiona elfu tisa atajua papo hapo kwamba ameshika folda siyo. Vilevile skripti ikatae katakata kuifanyia kazi diski nzima, kwa sababu mtu akibofya diski D peke yake kwa bahati mbaya, skripti inayopekua folda za ndani itapita humo mote. Na folda iliyochaguliwa mara ya mwisho ikumbukwe katika faili ndogo ya maandishi, ili kesho dirisha lifungukie pale pale. Hili la mwisho si wazo langu. Ni yule mama aliyeniuliza kwa nini kila asubuhi anaanza safari upya kutoka mwanzo wa diski.

Kuna ulalamishi mmoja ambao nimeusikia kwa wenzangu na ambao una uzito wake. Wanasema skripti nyengine huendeshwa na kompyuta yenyewe usiku, bila ya mtu, na dirisha likifunguka saa nane za usiku litabaki likisubiri mpaka asubuhi. Ni kweli, na kwenye seva, yaani kompyuta inayohudumia kompyuta nyengine, isiyokuwa na skrini tkinter haitafunguka kabisa bali itatoa kosa. Lakini hakuna anayelazimika kuchagua moja na kuacha jengine. Skripti itazame kwanza kama imepewa njia ya folda pamoja na amri ya kuianzisha. Ikiwa imepewa, iitumie bila kuuliza, na ikiwa haikupewa, ndipo ifungue dirisha. Kwa namna hiyo mtaalamu hakupoteza chochote na karani amepata haki yake. Kwa wale wanaotumia Linux, kama zilivyo baadhi ya maabara za kompyuta zenye Ubuntu, wajue kwamba tkinter huko husakinishwa mbali na Python, kwa kifurushi kiitwacho python3-tk, na wanaoandika skripti za bash, lugha ya amri za Linux, wanaweza kuitumia programu ya zenity kwa kazi hiyo hiyo. Kidirisha kikijificha nyuma ya madirisha mengine, jambo linalotokea mara nyingi kwenye Windows na kumfanya mtu adhani skripti imeganda, dirisha kuu lipewe sifa ya topmost, yaani ya kukaa juu ya mengine yote, kabla ya kuita askdirectory.

Wengine wanasema watumishi wa ofisi wajifunze kompyuta badala ya sisi kuwatafunia kila kitu. Siyakubali maneno haya. Yule mama amejifunza mengi, na mengi zaidi kuliko nilivyojifunza mimi kuhusu rejesta zake. Alijua kwamba risiti zinakataliwa na malipo yanakubaliwa, akaniambia hivyo kwa maneno sahihi kabisa, na mimi ndiye niliyeshindwa kumwelewa. Ujuzi wa kuhariri mstari wa saba bila kuharibu alama zake ni ujuzi wetu sisi, na tukimtupia yeye tunakuwa tumeifanya nusu ya kazi yetu na kumwachia nusu iliyobaki.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wanaofundisha uandishi wa programu katika vyuo vyetu vya Unguja na Pemba. Wanafunzi wanafundishwa mapema namna ya kufungua faili ambayo njia yake imeandikwa ndani ya msimbo, na wengi wanahitimu bila ya kuandika skripti hata moja inayomwuliza mtu folda yake iko wapi. Zoezi hili halihitaji zaidi ya kipindi kimoja. Naomba pia watakaozijaribu skripti hizo wasiwe wanafunzi wenzao, ambao wanajua dirisha linatarajiwa kufanya nini, bali mtu wa ofisi ya chuo, na mwanafunzi akae kimya nyuma yake atazame mahali kidole kinaposita.

Na kwa wenye ofisi ndogo ambao tayari wana skripti ya kufunguliwa na kubadilishwa mstari: mwiteni aliyeiandika. Mwambieni mnataka dirisha la kuchagua folda, lenye kichwa cha Kiswahili, lisilofanya chochote mtu akighairi, na linalotaja idadi ya faili kabla ya kuanza. Hiyo si kazi ya mkataba mpya wala ya malipo makubwa. Mimi nimekwisha kuanza kuzipitia skripti zangu za zamani ofisi kwa ofisi. Nimemaliza saba, zimebaki nne, mbili kati ya hizo zipo Mkoani, na yeyote aliyewahi kupokea skripti kutoka kwangu anisubiri wiki hizi chache, nitafika.

Wako katika kuijenga nchi,

Mwandishi wa skripti, Wete, Pemba
(Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi)